Wachache Walioachwa na Dola: Wahindi wa Arusha na Warusi wa Baltiki

Tengeru, karibu na Arusha chini ya Mlima Meru, kuna makaburi ya Wapolandi. Wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walianza kuletwa hapo mwaka 1942 baada ya utawala wa Stalin kuwang'oa makwao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Vita ilipokwisha, wengi walikuta vijiji vyao vimo ndani ya mipaka mipya ya Muungano wa Kisovyeti. Muungano huo nao uliposambaratika mwaka 1991, Warusi wapatao milioni 25 walijikuta wageni mahali walipokuwa wenyeji, bila kuvuka mpaka wowote.

Jamii iliyokuja chini ya dola fulani huwa nani dola hiyo ikiondoka? Arusha, kwa Wahindi wake, ilikabili swali hili miaka 30 kabla ya Riga ya Latvia na Tallinn ya Estonia kulikabili kwa Warusi wao. Ninadai kwamba jibu halikutegemea sheria ya uraia peke yake. Lilitegemea pia kama palikuwa na dola ya nje iliyosimama kuwadai watu hao kuwa ni wake.

Rogers Brubaker, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu utaifa katika Ulaya mpya, anaeleza uhusiano wa pembe tatu: jamii ya wachache, dola inayojijenga kitaifa, na nchi ya asili iliyo nje. Nadharia hii inawaeleza vizuri Warusi wa Latvia. Kwa Wahindi wa Arusha inapwaya. Kwa Mrusi wa Riga, dola iliyomleta na nchi ya asili yake vyote vilikuwa Moscow. Mhindi wa Arusha mara nyingi alikuwa na pasipoti ya Uingereza na asili ya Gujarat, Kutch au Punjab, na pande zote mbili zilimpa kisogo. Nehru aliwahimiza Wahindi wa Afrika wajihesabu kuwa sehemu ya nchi walizoishi. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 1968, iliwafungia mlango wenye pasipoti yake ambao wao, wazazi wao au babu zao hawakuzaliwa huko.

Hata huo Uhindi mmoja ulitengenezwa na utawala. Ismailia, Bohora, Baniani, Kalasinga na Magoa walikuwa na nyumba zao za ibada, shule zao na ndoa zao. Uchaguzi wa 1958 uliwafunga kamba moja: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ni katika mfumo huo wa kibaguzi ndipo Sophia Mustafa, mkazi wa Arusha aliyezaliwa India na kukulia Kenya, alipoingia Baraza la Kutunga Sheria kutoka Jimbo la Kaskazini akiungwa mkono na TANU, chama ambacho hakikufungua uanachama kwa wasio Waafrika hadi 1963. Aliomba kura kwa Wachaga, Wameru na Waarusha, naye akazipata. Kwangu huu ni ushahidi mzito kuliko cheti chochote: utaifa wake ulitambuliwa na majirani kabla taifa lenyewe halijapata uhuru.

Sheria ya uraia ilifuata. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, na Nyerere akatishia kujiuzulu. Aliyezaliwa Tanganyika na mzazi mmoja aliyezaliwa humo akawa raia moja kwa moja. Aliyezaliwa humo na wazazi waliotoka nje alipewa miaka miwili kujiandikisha na kuukana uraia mwingine. Latvia haikufanya hivyo. Ilirejesha uraia kwa waliokuwa raia kabla ya uvamizi wa 1940 na vizazi vyao, na katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya watu 700,000 walibaki bila uraia wa nchi yoyote. Baadaye, ili wawe raia, walidaiwa mtihani wa Kilatvia na historia.

Arusha haikudai mtihani wa lugha. Kipimo chake kikawa mali, na hapa pana chimbuko la ndani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, na mwaka uliofuata mwakilishi wao Kirilo Japhet akapeleka kilio hicho Umoja wa Mataifa. Wahindi hawakupewa ardhi ile. Hata hivyo, watu walikwisha kujifunza kuisoma rangi ya mtu katika hati ya umiliki. Sheria ya 1971 ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 haikutaja rangi, lakini waliopoteza nyumba wengi wao walikuwa Wahindi, wakiwamo raia. Wengi walihama. Ilikuwa dhuluma kwa raia hao, na kuitetea haki ya Wameru hakuhitaji tuifiche.

Pamoja na machungu hayo, hakuna jeshi lililovuka mpaka kwa kisingizio cha kuwalinda, kama Urusi ilivyofanya Crimea mwaka 2014. Kukosa mdai wa nje kuliwaacha Wahindi wa Arusha bila kinga, na kukalifanya suala lao libaki la Watanzania wenyewe.

Waliofanya uamuzi ule wa uraia kati ya 1961 na 1963 sasa wamepita miaka 80. Idara zetu za historia ziwafuate Arusha na huko walikohamia, Leicester na Toronto, na Wameru wa Ngare Nanyuki pia, ziandike maneno yao wangali hai.