Dunia Ilipobomolewa kwa Redio

Usiku wa Jumatano, tarehe 8 Machi 1978, yapata saa nne na nusu, redio ya Waingereza iitwayo BBC ilianza kutoa hadithi ya kuchekesha katika sehemu sita. Jina lake ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ndiyo kusema kitabu cha kumwongoza msafiri asiye na nauli, anayeomba kuchukuliwa na vyombo vipitavyo kati ya nyota. Mtungaji wake, Douglas Adams, alikuwa kijana aliyebakiza siku tatu tu kutimiza miaka 26. Katika nusu saa ile ya kwanza dunia yetu nzima, milima na bahari na watu wake, ilibomolewa na viumbe wa mbali, lisibaki hata jiwe. Wala hakuna Mwingereza aliyetoka mbio nyumbani kwake. Walicheka, wakalala.

Yafaa tuulize kwa nini, maana habari ya namna hiyo hiyo ilikwisha kutolewa kwa redio miaka mingi kabla, na wasikilizaji wake hawakucheka.

Jumapili tarehe 30 Oktoba 1938, saa mbili ya usiku, huko Marekani, Orson Welles na wenzake wa Mercury Theatre walicheza katika redio ya CBS kitabu cha Mwingereza H. G. Wells kilichotoka mwaka 1898, The War of the Worlds. Kitabu hicho chaeleza jinsi wakazi wa sayari ya Mirihi wanavyoishambulia dunia. Howard Koch, aliyeandika maneno ya mchezo, aliitoa vita ile Uingereza akaileta Grover's Mill, kijiji cha jimbo la New Jersey. Lakini ujanja wenyewe ulikuwa katika namna ya kusema. Msikilizaji alisikia muziki wa dansi. Mara muziki ukakatwa, mtangazaji akaleta habari ya haraka. Muziki ukarudi, ukakatwa tena. Mwanzoni kabisa ilitangazwa kwamba huu ni mchezo. Haikurudiwa mpaka zilipopita kama dakika 40. Kumbe saa ile watu wengi walikuwa kwenye redio nyingine, wakimsikiliza Edgar Bergen na mwanasesere wake Charlie McCarthy. (Mtu mzima anasifiwa kwa kumsemesha mwanasesere bila kuchezesha midomo, na kazi hiyo anaifanya redioni, mahali ambapo midomo haionekani!) Wale waliochelewa kuhama walikuta vita imekwisha pamba moto.

Kesho yake magazeti yalijaa habari za watu waliokimbia. Mwaka 1940 mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Hadley Cantril, alitoa kitabu akikadiria kwamba wasikilizaji walikuwa milioni 6, na waliotishika walipita milioni 1. Wanahistoria wa siku hizi wamezipunguza sana hesabu hizo. Usiku ule ule kampuni moja ya kupima wasikilizaji ilikuwa imepiga simu katika nyumba 5,000, na ni 2 tu katika kila 100 waliosema wanausikiliza mchezo wa Welles. Tena magazeti yalikuwa na kisa na redio, kwa kuwa iliwanyang'anya fedha za matangazo. Hawakuona haya kuikuza aibu yake. A. Brad Schwartz, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2015, alisoma karibu barua 2,000 zilizoandikwa na wasikilizaji siku zile. Nyingi zilikuwa za kumsifu Welles, si za kumlaani.

Hata hivyo waliotishika walikuwako, na ni hao ambao yatupasa kuwatazama vizuri, maana desturi ni kuwaita wajinga. Baadhi yao hawakusikia habari ya Mirihi hata kidogo. Walisikia kwamba Wajerumani wamevamia. Mwezi mmoja tu kabla, Septemba 1938, Hitler alipokuwa akiidai sehemu ya Chekoslovakia, redio hizo hizo zilikuwa zikikatiza muziki usiku na mchana kuleta habari za Munich. Sikio lilikwisha kufundishwa kwamba muziki ukikatwa, pana jambo. Basi mtu alipousikia tena mlio ule, alijaza mwenyewe jina la adui.

Quito, mji mkuu wa Ekuado, mambo yalikuwa mabaya kupita hapo. Tarehe 12 Februari 1949 Leonardo Páez na Eduardo Alcaraz waliutoa mchezo ule katika Radio Quito, kwa Kihispania, wakiutia majina ya mahali pa kwao. Adui alishukia Cotocollao, kando ya mji. Wachezaji waliiga sauti za wakubwa wa serikali wakiwaagiza wananchi wajihami. Watu wakamiminika barabarani. Studio ilipoona hivyo ikatangaza kwamba ulikuwa mchezo tu, nayo hofu ikageuka hasira mara moja. Umati ukaenda kwenye nyumba ya gazeti El Comercio, lenye redio hiyo, ukaitia moto watu wakiwa ndani. Walikufa watu wasiopungua sita.

Mimi naandika haya nikiwa Bule, na kwetu hapa ni vigumu kumcheka mtu aliyekimbia kwa kusikia sauti. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wenye silaha waliingia katika kambi ya waliohama makwao ya Plaine Savo, jirani yetu, wakaua watu wapatao 60, wengi wao kwa panga. Mtu aliyelala karibu na mahali pale hangoji kuuliza kama sauti anayoisikia ni ya mchezo. Atakimbia kwanza, atauliza akiwa porini. Mtu wa mjini atamwita mwoga. Naye mtu wa mjini ana mlango wa chuma.

Msikilizaji, basi, haji kwenye redio mikono mitupu. Huja na yale aliyoyaona, akayachanganya na yale anayoambiwa, na hadithi anayoondoka nayo si ile ile iliyotoka studio. Kivu walijaribu jambo hilo kwa kipimo. Mwaka 2007 ulianza mchezo wa redio ulioitwa Kumbuka Kesho, wa kuwafundisha watu kupatana. Katika sehemu nyingine mchezo ulifuatwa na kipindi cha mazungumzo, kuwahimiza wasikilizaji waujadili. Mtaalamu Elizabeth Levy Paluck alilinganisha sehemu hizo, akaandika mwaka 2010 kwamba waliohimizwa kujadili walijadili kweli, lakini walizidi kukumbuka machungu yao, na moyo wa kuwasaidia wasiowapenda ukapungua. Nia ilikuwa njema. Lakini mazungumzo yalifungua kidonda, na redio ikazimwa kabla ya kuleta dawa.

Sasa turudi kwa Adams. Wazee wetu wa pwani hawaanzi hadithi kabla ya kusema „Paukwa!“ na kungoja watu wajibu „Pakawa!“ Huo ndio mlango. Aliyejibu amekubali kudanganywa kwa saa moja, na hawezi kusema kesho kwamba ametapeliwa. Welles alisema paukwa yake mara moja, kwa haraka, wakati wengine hawajafika. Páez na Alcaraz waliingia kwa kuiga sauti za serikali, nako ni kuvunja mlango. Lakini Adams alisema paukwa katika kila sentensi. Alimweka Peter Jones awe sauti ya kitabu kile cha wasafiri, sauti ya upole kama ya mzee anayesoma maelekezo ya dawa, na mambo aliyoyasoma yalikuwa ya kipuzi mno. Mtu hata akiwasha redio katikati, dakika moja yatosha kujua kwamba yuko kwenye mzaha.

Tena mzaha wenyewe uligusa jambo walilolijua wasikilizaji. Asubuhi moja Arthur Dent, mtu wa kawaida tu, anakuta mashine zimekuja kubomoa nyumba yake ili barabara ipite. Anapolalamika anaambiwa kwamba ramani ilikuwa wazi kwa watu wote siku nyingi. Ilikuwa wapi? Chini ya ardhi, pasipo taa wala ngazi, ndani ya kabati lililofungwa, katika choo kisichotumika, chenye onyo la chui mlangoni. Hajamaliza kushangaa, viumbe wa mbali waitwao Wavogoni wanafika juu ya dunia na tangazo lile lile: dunia inabomolewa, njia ya vyombo vya nyota ipite. Ramani ilikuwa imewekwa kwenye nyota ya Alpha Centauri miaka 50. Kwa nini hamkuja kulalamika?

Nilipowasimulia wazee watatu wa hapa kisa hicho, walinyamaza. Kisha mmoja akaniuliza, „Mwalimu, hao wa duniani sheria yao iliwapa miaka mingapi ya kupinga?“ Nikamwambia, „Baba, hamsini.“ Akasema, „Sisi tulipewa miwili.“ Hapo ndipo wote wakacheka, wakacheka sana.

Msomaji wa mbali huenda asielewe. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ya wakati wa Mobutu, yasema kwamba hati ya ardhi iliyoandikishwa ikikaa miaka miwili bila kupingwa, haiwezi kutenguliwa tena. Kwa hiyo mwenye elimu na fedha aliweza kuandikisha mahali palipo na wakulima, akakaa kimya na karatasi yake miaka miwili, kisha akaja na askari. Vita iliyoanza mwaka 1999 huko Walendu-Pitsi, katika Djugu yetu, ilianzia kwenye ugomvi wa mashamba ya hati. Alpha Centauri yetu ilikuwa ofisi.

Huko Uingereza hadithi ile haikupigiwa tarumbeta. Ilipewa saa ya usiku, wakati wengi wamelala. Lakini aliyesikia alimwambia mwenzake, na barua zikaanza kuingia BBC kila siku. Moja ilikuwa na anwani ya kampuni ya uchapaji iliyomo ndani ya hadithi, kwenye kundi la nyota la Dubu Mdogo, basi. Mtu wa posta aliandika juu ya bahasha kwamba wajaribu BBC, ikafika. Agosti 1979, wapenzi wa hadithi za namna hiyo walipokutana Brighton kutoa tuzo yao ya mwaka, iitwayo Hugo, tuzo ilikwenda kwa sinema ya Superman. Mchezaji wake Christopher Reeve alipopanda kuipokea alidokeza kwamba ilistahili kwenda kwa hadithi ya redio, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Waliopenda hadithi walipenda pia kuichimba. Ndani yake mashine kubwa yaulizwa siri ya uhai na ya ulimwengu wote, na baada ya miaka milioni saba na nusu yajibu: 42. Watu wakaanza kutafuta maana, wengine kwa hesabu ngumu, wengine kwa mafumbo ya Mashariki. Adams akawajibu kwamba alichagua tu namba ndogo ya kawaida, kwa mzaha. Hawakumsadiki, wakaendelea kumwandikia.

Alikufa tarehe 11 Mei 2001, akiwa na miaka 49. Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Mei, wasikilizaji na wasomaji wake walitembea mchana kutwa wakibeba taulo, na kila mwaka siku hiyo hufanya hivyo. Sababu ni kwamba kitabu kile cha wasafiri chasema hakuna kitu kinachomfaa msafiri kama taulo: hujifunika, hutandika, hujifunga kichwani. Mama wa Bule anayekimbia usiku hushika kikwembe. Ni mbeleko, ni blanketi, ni kamba ya mzigo, na mvua ikinyesha ni paa.