Utendi wa Nanga ni wa Nani?

Maji yanayopiga ufuko wa Kibara ni yale yale ya Bukoba, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako Wahaya humsimulia Mugasha, mtawala wa Ziwa. Masimulizi hayo hukaa kwa mwimbaji. Huyo huchukua nanga, kipande cha mti kilichochongwa kama hori, chenye uzi mmoja uendao na kurudi. Husema kwa kinywa cha shujaa, kisha hurudi kuwa nafsi yake. M. M. Mulokozi alizichunguza tendi hizo katika tasnifu yake ya 1986. Lakini kila andiko tulisomalo ni la mara moja tu, la mtu mmoja, kama Habibu Selemani. Kesho yake angeimba vingine. Kwa hiyo, kuuandika “utendi wa Wahaya” na kuliacha jina lake, naona, ni kumdhulumu.