Spirit: Gari lililokwama Mirihi

Gari la utafiti la Spirit, mali ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitua katika sayari ya Mirihi Januari 2004. Mwaka wa 2009 lilizama katika mchanga laini, gurudumu lake moja likiwa limeharibika tangu 2006. Juhudi za kulinasua ziligonga mwamba.

Januari 2010 wanasayansi waliamua kulitumia papo hapo lilipokwama. Mawimbi yake ya redio yangepima mtikisiko wa mhimili wa sayari na kubainisha iwapo kiini chake ni kigumu au kimiminika, kwani yai bichi halizunguki kama lililochemshwa.

Mawasiliano yalikatika Machi 2010. Chombo cha InSight, kilichotua 2018, ndicho kilichokamilisha vipimo hivyo: kiini ni kimiminika.