Lokole na sikio la mtoto

Katika masomo tunapenda kusema kwamba kusoma kulianza siku ubao na chaki vilifika. Juu ya Walokele, wavuvi wa mto Kongo upande wa chini wa Kisangani, ninaona mambo mengine. Mtoto wao alizoezwa sikio mbele ya kushika kalamu, na lokole ilisaidia sana.

Lokole ni kipande cha mti kilichochongwa ndani kupitia mwanya mwembamba. Iko na midomo miwili: moja inatoa sauti ya juu, ingine sauti ya chini. Sauti hizo mbili zinatosha kusema, kwa sababu Kilokele chenyewe kinapanda na kushuka. Tuchukue neno lisaka. Silabi zote tatu zikiwa chini, ni dimbwi la maji. Ukipandisha ya mwisho, ni ahadi. Ukipandisha mbili za mwisho, ni sumu! Mtoto aliyechanganya ahadi na sumu, nyumba nzima ilicheka, kiisha akarudilia mpaka ikaingia.

Lakini mti hautamki herufi. Songe (mwezi) na koko (kuku), zote ni silabi mbili za juu, na kwa lokole zinalia sawasawa. Basi wazee wakarefusha: mwezi ukawa mwezi unaoangalia chini duniani, kuku akawa yule mdogo anayelia kiokio. Kutafuta maneno ya namna ile ni kazi ya akili kubwa, tena ni mchezo. Na hata asiye na lokole aliweza kupiga habari kwa mluzi.

Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Kongo mwaka wa 1938 na kufanya kazi Yakusu, alijifunza kuipiga, akapewa na jina lake la lokole. Mwaka wa 1949 alitoa kitabu Talking Drums of Africa. Wakati ule ufundi ulikuwa umeanza kupungua kwa vijana. Kwa maoni yangu, shule iko na sehemu yake katika jambo hili: ukiandika lisaka bila alama za sauti, yale maneno matatu yanakuwa moja tu.

Kiisha, mwaka wa 1962, Kifaransa kikawekwa kuwa lugha ya kufundishia. Mtoto wa miaka sita akaanza kuimba ba-be-bi ya lugha asiyoisikia nyumbani. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 imefungulia lugha zetu mlango, lakini darasani wengi tungali tunaanza na ubao.

Kiswahili chetu hakitofautishi maneno kwa kupanda na kushuka kama Kilokele, lakini silabi zake ziko wazi sana. Darasa la watoto sitini bila kitabu linaweza kupiga makofi: sa-ma-ki, tatu. Ondoa pa katika paka, weka ta: taka. Weka wa: waka. Geuza paka: kapa. Yule wa nyuma anacheka kwanza, kiisha anatafuta lake mwenyewe.