Fedha za Erasmus+: vyuo vya Pwani viingie kwa mlango gani?

Wengi wetu tukisikia Erasmus, tunafikiria skolashipu ya kwenda Ulaya, basi. Skolashipu imo, ila mpango huu wa Umoja wa Ulaya, ulioanza 1987 na kuitwa Erasmus+ tangu 2014, una mfuko mwingine usiozungumzwa sana huku kwetu: fedha za kujenga uwezo wa vyuo vikuu. Awamu ya sasa ni ya 2021 hadi 2027, na bajeti ya mpango mzima inapita euro bilioni 26.

Mfuko huo hapewi mtu binafsi wala chuo kimoja pekee. Vyuo vya Ulaya na vya nchi nyingine huungana, wakaandika mradi, kisha mmoja wao akawa mratibu na kupeleka ombi kwa wakala wa Umoja huo ulioko Brussels, EACEA. Kazi yenyewe yaweza kuwa kutunga mtaala mpya, kufunza wahadhiri, au kuimarisha uongozi wa chuo. Kununua ardhi au jumba hakumo.

Kuna ngazi tatu. Ya kwanza, ya euro 200,000 hadi 400,000, imewekwa kwa makusudi kwa vyuo visivyo na uzoefu. Ya pili hufika 800,000, na ya tatu, inayogusa sera na mfumo mzima wa elimu ya juu, hufika milioni moja. Miradi huenda miaka miwili hadi minne. Kwa vyuo kama Pwani University kule Kilifi au Technical University of Mombasa, uvuvi, bandari na mikoko ni mambo ya mlangoni, na hakuna haja ya kungoja mgeni aje kuyatungia mradi.

Hapo ndipo penye ubishi. Kanuni zinaruhusu chuo cha Kenya kuwa mratibu, lakini mara nyingi hukubali kuitwa mshirika tu: jina limo kwenye karatasi, maamuzi yako kwingine. Sababu moja ni makaratasi. Lazima chuo kiwe na namba ya usajili ya tarakimu 9, kiandike bajeti kwa kina, na kichangie sehemu ya gharama. Fedha hutolewa kwa kitita kilichogawanywa kwa mafungu ya kazi. Fungu lisilokamilika, fedha zake hukatwa. Mhadhiri mmoja anayeandika usiku baada ya kufunza hawezi haya yote. Panatakiwa afisi yenye watu.

Kwa wanafunzi, mlango ni Erasmus Mundus, shahada za uzamili zinazosomwa katika nchi zaidi ya moja. Anayepata skolashipu hulipiwa karo na kupewa euro 1,400 kwa mwezi. Maombi hupelekwa moja kwa moja kwa vyuo vinavyoendesha kozi, nyingi zikipokea kati ya Oktoba na Januari. Kwa miradi ya vyuo, tarehe ya mwisho kwa kawaida huwa Februari.