Nani Anamkumbuka Tony Dominguez?

Mchukue shabiki yeyote wa zamani wa The Bold and the Beautiful, hasa wale mama zetu na dada zetu ambao saa yake ikifika hata simu hawapokei. Mwambie akusimulie. Atakuhesabia ndoa za Ridge na Brooke mpaka vidole viishe. Atakueleza jinsi Brooke alivyomwacha mtoto akaolewa na baba, Eric, na watoto akamzalia. Atamsema Stephanie kama vile ni mama mkwe wake mwenyewe anayekaa mtaa wa pili. Sasa mtajie jina moja tu: Tony Dominguez.

Kimya. Ukibahatika atakuuliza, "Huyo naye ndo nani?"

Ndugu msomaji, Tony ndiye ninayetaka tumzungumzie leo, kwa sababu naamini kisa chake kidogo kilifanya kazi kubwa kuliko harusi zote za Brooke ukizijumlisha.

Tamthilia yenyewe ilianza kurushwa Marekani na CBS tarehe 23 Machi 1987. Waliibuni mume na mke, William J. Bell na Lee Phillip Bell. Ni familia ya akina Forrester, matajiri wa mitindo ya mavazi huko Los Angeles, siku tano kwa wiki, nusu saa kila siku ukichanganya na matangazo. Imeonyeshwa katika nchi zaidi ya 100, zikiwemo za kwetu Afrika Mashariki. Kitu kinachokwenda siku tano kwa wiki kwa miongo kadhaa hakiwezi kuishi kwa Ridge na Brooke peke yao. Lazima wawepo watu wa pembeni: binamu, katibu muhtasi, mchumba wa dada aliyerudi kutoka mbali. Wanapewa miezi kadhaa, wanalia kidogo, kisha wanaondoka na hakuna anayeuliza walikokwenda.

Tony alikuwa wa kundi hilo. Mwaka 2001 aliletwa kama mchumba wa Kristen Forrester, dada yake Ridge, ambaye naye alikuwa ametoweka kwenye hadithi kwa miaka. Agosti mwaka huo Tony akapima akakutwa na virusi vya UKIMWI. Kwa lugha ya mtaani kwetu, kakanyaga miwaya. Ikabidi amwambie Kristen.

Hapo ndipo waandishi walipofanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Tony hakukonda akafa baada ya wiki sita. Hakufanywa mhuni anayelipa dhambi zake. Kristen hakukimbia, alimwoa akijua. Kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikuwa nyuma ya shughuli hii kikitoa ushauri, na katika vipindi viwili vya Agosti hiyo namba ya simu ya bure ya kuulizia habari za UKIMWI ilionyeshwa kwenye skrini. Simu zikafurika. Watafiti walikaa wakazihesabu, na mwaka 2004 matokeo yakachapishwa katika jarida la kitaaluma: kila namba ilipoonyeshwa, idadi ya wapigaji ilipaa ghafla.

Jiulize waliopiga ni akina nani. Watazamaji wa mchana wengi wao ni wanawake, wakiwemo Weusi na Walatino wengi, yaani watu wale wale ambao ugonjwa ulikuwa unawaandama na mabango ya serikali hayakuwa yanawafikia. Mama anapiga pasi, anamwona Tony anatetemeka, anakumbuka mambo yake, ananyanyua simu. Hakuna waziri aliyemhutubia.

Nisije nikasema uongo kwamba Tony ndiye aliyeanza. Tamthilia hizi Wamarekani wanaziita za sabuni kwa kuwa kampuni za sabuni ndizo zilizozidhamini tangu enzi za redio, zikiwalenga akina mama wa nyumbani. Guiding Light ilianza redioni mwaka 1937 na ilifungwa 2009. Mwaka 1962 mwandishi wake, Agnes Nixon, alitaka mhusika Bert Bauer akapime saratani ya mji wa mimba, ili wanawake wajue kwamba ikigundulika mapema inatibika. Wakubwa walimruhusu kwa masharti ya ajabu: asitaje saratani, asitaje mji wa mimba, asitaje upasuaji wa kuuondoa. Akaandika hivyo hivyo, kwa mafumbo, na wanawake wakaelewa. Mwaka 1995 General Hospital ikamwua kijana Stone Cates kwa UKIMWI, ikamwacha mpenzi wake Robin akiwa na virusi. Robin lakini alikuwa mtoto wa familia kubwa ya tamthilia, hivyo alikumbukwa kwa miaka mingi. Tony hakuwa na ukoo wa kumshikilia.

Sasa tuvuke bahari tuje nyumbani, mwaka huo huo wa 2001. Mimi hata chekechea sijaanza, lakini kumbukumbu za magazeti ya wakati ule zinasomeka. Rais Mkapa alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la taifa siku ya mwisho ya mwaka 1999. Dawa za kurefusha maisha, ambazo Tony angezipata kwa daktari wake wa Los Angeles, ziligharimu kama dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza na kusema itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Dunia ikashtuka. Pamoja na hayo, mpango wa taifa wa kuzitoa Tanzania ulikuja kuanza mwaka 2004. Kati ya hapo, hesabu makaburi.

Nasi tulikuwa na tamthilia yetu. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika wake mkuu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye nyumba ndogo kila kituo. Mkewe, Tunu, alichoka akaondoka, akaanza biashara yake akasimama mwenyewe. Mkwaju akaugua, akafa. Watafiti nao walikuwepo: kwa miaka miwili Dodoma haikurushiwa mchezo huo, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia. Na kweli, kwenye maeneo yaliyousikia watu wengi zaidi walianza kutumia kondomu na kupunguza wapenzi.

Mnaona tofauti? Kwao mwenye virusi anaoa, kwetu anazikwa. Siwalaumu waandishi wa Twende na Wakati hata kidogo. Waliandika walichokiona. Mwaka 1993 hakuna mtu popote aliyekuwa na dawa ya maana, na hata miaka minane baadaye, dawa zilipokuwa zimepatikana Marekani, mtu wa Mkwaju huku asingezipata. Mwisho wa hadithi uliamuliwa na bei.

Tena hapa ndipo kisa cha Tony kinapotugusa moja kwa moja. Baada ya ndoa, Tony na Kristen waliasili mtoto yatima wa UKIMWI kutoka Afrika, jina lake Zende. Ndiyo, Afrika, lile bara ambalo kwenye tamthilia huwa ni kama kijiji kimoja. Nia ilikuwa njema na sina ugomvi nayo. Ila tazama mpangilio wake: baba Mmarekani mwenye virusi anaishi, na mtoto Mwafrika anaingia kwenye hadithi akiwa wazazi wake wameshazikwa. Kilichowaua ni ugonjwa ule ule wa Tony. Katika nyumba moja ya kubuni, juu ya zulia la bei mbaya, ilikaa hesabu nzima ya dunia ya mwaka 2001: nani anapata kidonge na nani anapata mbao za jeneza.

Kisha wote watatu wakafifia. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeachika. Waliacha kuonekana tu.

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu langu ni hili. Tamthilia inakula vitu vitatu: harusi, mazishi na siri. Mtu anayekunywa dawa yake saa ileile kila siku, akaenda kazini, akarudi akala ugali wake na mkewe, hana hata kimoja. Siri ameshaisema, harusi imeshapita, mazishi hayaji. Waandishi walipokataa kumwua Tony walimfanyia haki kubwa, na kwa haki hiyo hiyo wakawa wamemnyima kazi. Vyumba vya habari ninavyovijua mimi navyo ni hivyo hivyo. UKIMWI ulipokuwa unaua ulikuwa ukurasa wa kwanza. Leo unatajwa Desemba mosi, na kesho yake tunarudi kwa Simba na Yanga.

Lakini watu wa aina ya Tony ndio wengi sasa. Wako ofisini, kwenye daladala, kwenye kwaya na kwenye vijiwe vya kahawa. Wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku. Tunajua leo, jambo ambalo Kristen hakulijua akivaa shela, kwamba mtu anayetumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hiyo ni habari kubwa kuliko talaka yoyote ya akina Forrester, na bado kuna kijana aliyesoma, mwenye digrii yake, ukimwambia anakataa. Picha iliyobaki kichwani mwake ni ya Mkwaju akiwa kitandani.

Mwaka 2015 Zende alirudishwa kwenye tamthilia, kijana mzima, mtanashati, akiingia kwenye kampuni ya akina Forrester kutafuta nafasi yake. Alipewa mapenzi, akapewa wivu, akapewa wapinzani, kama desturi inavyotaka. Kwa hesabu ya hadithi yenyewe, aliyemlea ni baba mwenye virusi aliyeishi miaka yote hiyo mpaka mwanawe akaota ndevu. Hicho ndicho kipindi ambacho ningekaa mbele ya televisheni kukitazama: Zende amesafiri kwenda kumsalimia mzee wake, wamekaa mezani, Tony anachukua glasi ya maji, anameza kidonge chake, wanaendelea kupiga stori.