Ulingo na Mlima

Ukimwambia mtu wa Moshi kwamba umefika kilele cha Kilimanjaro, atakuuliza umepandia wapi: Marangu, Machame au Umbwe? Mcheza taekwondo Sangina Baidya wa Nepal hakuwa na njia za kuchagua. Taekwondo ina mlango mmoja: upimwe uzito, uingie ulingoni, uhesabiwe pointi. Mwaka 2004 aliupita, akawa Mnepali wa kwanza kwenda Olimpiki kwa kufuzu, si kwa nafasi za upendeleo. Alirudi kutoka Athens bila medali.

Mei 2012, Wilfred Moshi, mwongoza wageni wa Kilimanjaro, akasimama juu ya Everest, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Binti wa Nepal alitafuta jina ukumbini. Mtu wa Kilimanjaro akalifuata kwenye theluji ya Wanepali. Nani kati yao ni mwanamichezo? Wengi watamtaja Baidya bila kufikiri, kwa kuwa alikuwa na waamuzi.

Lakini hesabu za waamuzi nazo zina vituko. Mwaka 1988 Bidhan Lama alishinda shaba ya taekwondo Seoul; kumbe mchezo ulikuwa wa maonyesho tu, na medali yake haimo katika orodha rasmi. Nepal ilisubiri medali rasmi hadi Paris 2024, Palesha Goverdhan alipotwaa shaba ya taekwondo katika Paralimpiki. Mlima wenyewe, ambao leo haumo Olimpiki, uliwahi kuwamo: kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Chamonix, 1924, walituzwa watu wa msafara wa Waingereza uliojaribu Everest mwaka 1922. Miongoni mwao walikuwamo wapagazi saba waliokufa kwenye maporomoko ya theluji. Walau mara hiyo, waliobeba waliandikwa pamoja na waliobebewa.

Kwetu haikuwa hivyo. Kilele cha Kilimanjaro kilichofikiwa mwaka 1889 kiliandikwa kwa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa mwongozaji wao, alitambuliwa kwenye maadhimisho ya miaka 100, tayari mzee sana, na wanahistoria bado wanabishana juu ya nafasi yake. Huo ubishi nauelewa. Kinachonishangaza ni kwamba kwa miaka 100 hakuna aliyeona haja ya kubishana. Hata sasa mpagazi mwenye mzigo wa kilo 20 humpita mgeni mwenye fimbo mbili, awahi kupiga hema kabla mgeni hajafika. Cheti, langoni Mweka, huandikwa jina la mgeni.